Tangu Mota Inyamaze

Wairimu, maitu,

Mimi ni mzima, na wewe najua uko mzima kwa sababu nimekuona asubuhi ukimaliza chapati zako halafu ukaanza kuangalia sahani yangu. Kwa hivyo hiyo ya salamu tumemaliza.

Nakuandikia nikiwa kwa kibanda, hapa kwa meza ya mashine. Hii karatasi ya kaki ni ile yangu ya kukatia patani, ukiigeuza utapata mkono wa blauzi ya Nyambura wa mayai. Usijali, nitachora ingine, mkono wake nimeuzoea. Wewe saa hii uko Ngoliba kwa cucu yako, mamangu, kumuaga, na atakuweka huko mpaka jioni kwa sababu lazima akuombee, halafu mkifika kwa geti akumbuke kitu alisahau kumwambia Mungu, mrudi ndani aanze upya. Kesho asubuhi unaenda Kisumu. Nimeona niandike sasa kabla urudi, kwa sababu ukirudi nitaanza kuongea, na mimi nikiongea unajua venye huwa. Naanza na kitu ya maana naishia kwa harusi ya mtu. Karatasi haicheki, haisemi "mum, umeshaniambia hiyo." Labda leo nitafika mahali nataka.

Sitakuambia ufunge mlango, ule vizuri, uende kanisa. Hiyo umeisikia tangu uzaliwe, na kama haikuingia hapa Ruiru haitaingia huko. Nataka kukuambia juu ya mota.

Cheka tu. Najua mtu wa mota ni wewe. Hao watu wa Kisumu wamekuchukua uwe ukizunguka kwa viwanda na mashamba na mahospitali, mkitoa mota za zamani zile zinakula stima bure, muweke hizi ndogo zinakula kidogo. Hiyo kazi sina kitu ya kukufundisha. Mimi niliacha shule darasa la tano, na mpaka leo plagi huwa naishika kama inaweza kuniuma. Lakini mota yangu uliibadilisha wewe mwenyewe, na kile ilinifanyia nakijua vizuri kuliko wewe, kwa sababu wewe ulifunga bolti ukaenda, mimi nikabaki nayo.

Unaikumbuka ile ya kwanza. Mnyama mweusi chini ya meza, mzito kama gunia ya viazi. Ukiwasha swichi asubuhi inaanza uuuuuu, na haiachi hiyo uuuuuu mpaka ufunge kibanda. Ushone, usishone, inalia tu. Mguu ukikanyaga pedali ndio inashika mashine, ukiachilia inaendelea kuzunguka peke yake kama mtu ametumwa akasahau ametumwa nini. Na mimi nilidhani hivyo ndivyo mota iko, kazi yake ni kulia.

Halafu wewe ukaja likizo kutoka koleji Thika, ukaketi hapo kwa stuli ya makastoma na simu kwa mkono. Nikadhani unaongea na kijana. Nikawa najipitisha hapo nyuma yako nione jina. Kumbe unapima saa za mota! Jioni nikiwa nimezima mashine, Mama Tito ameingia kutoka upande wake kuomba sindano, ukasema, "Mum, mota yako inazunguka siku mzima na wewe unakanyaga pedali kidogo tu."

Nikakuuliza unamaanisha nini, mimi nashona tangu asubuhi, mgongo umekufa.

"Unashona, sijakataa. Lakini hizo saa zingine unaongea, na stima inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Kwa udaku, mum."

Mama Tito alicheka mpaka akakaa chini kwa vipande vya nguo. "Wairimu, mwambie! Mwambie hata wale watu wa stima wanamjua, wakiona tokeni imeisha wanasema leo kuna mtu ameachwa na bwana hapo Gatongora!"

Na mimi nikacheka, kwani nitafanya nini. Hizo ndizo siku naziona nikifunga macho. Sisi watatu kwa hii kibanda, na Mama Tito chini na sindano kwa mdomo.

Hujawahi kuniuliza tulijuana aje, mimi na yeye. Watoto hamuulizagi, mnadhani watu wazima walizaliwa wakijuana. Ilikuwa Thika, kwa kiwanda ya nguo, na wewe ulikuwa kwa tumbo. Baba yako alikuwa ameshaenda, hiyo hatuzungumzi, ndio maana una jina ya mamangu badala ya mamake, na mimi nakuita maitu, mama. Tulikuwa tumekaa laini, wanawake wengi, kila mtu na mashine yake, na chini ya kila meza mota kama hiyo, zote zikilia pamoja. Huwezi kusikia mtu ako karibu kama ukuta. Hapo ndio nilipata hii sauti yangu unaonea aibu kanisani. Nilijifunza kuongea juu ya mota. Na tulijua kuongea na mikono pia. Ukijigusa tumbo, njaa. Ukijigusa bega, supavaiza anakuja. Ukijigusa shingo, tepu ya kupimia nguo, kwa sababu huko ndiko ilikuwa inakaa na huko ndiko kila mtu alikuwa anasahau kuiangalia. Mimi nilikuwa naisahau kila siku. Naangalia chini ya meza, chini ya kitambaa, nalaumu watu. Huyo mwanamke wa mashine ya karibu ananiangalia, anajigusa shingo, anarudi kwa kazi. Hakuwa mtu wa maneno. Nilimwongelesha miezi na miezi na sijui hata kama alisikia nusu.

Siku moja stima ikapotea. Kiwanda mzima ikanyamaza mara moja, wuuup, kama mtu amefunika sufuria. Na hapo kwa hiyo kimya nikasikia mtu analia. Ni huyo wa karibu yangu. Kumbe alikuwa analia tangu asubuhi, machozi inaingia kwa kitambaa, na mimi niko hapo, nikinyosha mkono namgusa, ninampigia hadithi ya jirani yangu aliyefumaniwa. Alikuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani na ameambiwa akienda asirudi. Huyo mtoto ndio Tito.

Nikamshika tu mkono mpaka stima ikarudi. Halafu tukaanza kuwa marafiki, na ukizaliwa yeye ndio alikubeba kutoka hospitali kwa sababu mimi nilikuwa sijiwezi. Kiwanda ilipoanza kuuza mashine za zamani tulichukua mbili, yake na yangu, na mota zao, tukazileta hapa Ruiru, tukakodi hii kibanda moja tukaweka mabati katikati. Kwa hivyo hiyo uuuuuu ilitoka na sisi Thika. Unaona. Ilikuwa kama mtu wa nyumba.

Sasa wewe ukaitoa.

Sikulaumu kwa kuitoa. Siku hiyo nilifurahi sana, nikaambia kila mtu mtoto wangu ameniwekea mota ya kisasa, mashine ni ile ile, meza ni ile ile, ni hapo chini tu ameingiza kitu kadogo kama kopo ya mafuta. Ukaenda zako Thika. Asubuhi nikaja, nikawasha swichi. Kimya. Nikawasha tena. Kimya. Nikatoka nje nikapiga nduru: "Stima imepotea kwangu tu! Nani amekata waya yangu?" Keyateka, yule anatunza ploti, akakuja mbio na bisibisi. Watu wa kinyozi wakatoka, mmoja na kichwa nusu. Mama Tito akaingia, akaangalia, akaweka mguu wake kwa pedali, mashine ikashona vizuuri bila hata kupumua. Akaniangalia. Akaangalia keyateka. "Stima iko," akasema, "ni akili imepotea." Aii! Wiki mzima vijana wa kinyozi walikuwa wananiuliza kama waya yangu imepatikana.

Hapo ndipo ningejua iko shida. Kwa sababu Wairimu, mota ilinyamaza lakini sauti yangu nani aliiambia ishuke?

Hii ingine unaijua, lakini umeijua kutoka kwa watu. Wacha uisikie kutoka kwangu.

Unajua Tito alikuwa ameaga watu wote anaenda Qatar. Alifanyiwa mpaka maombi. Na hakufika Qatar, maskini, yule ajenti alimpotelea wakiwa bado hapa, na aibu ikamshika, akaenda kujificha Murera kwa shamba ya mtu, anachunga nguruwe. Mama yake aliniambia mimi peke yangu. Aliniambia hapa hapa, analia, na nikamshika mkono kama ile siku ya Thika. Akasema, "Wacha kwanza asimame, halafu atasema mwenyewe." Nikaapa.

Na nilikaa nayo, haki ya Mungu nilikaa nayo. Lakini wewe unanijua. Nyambura wa mayai akaja kupimwa, akaanza kuniambia mambo yake, tamu tamu, za yule mama wa kwaya, na mimi nikaona yeye ananipa na mimi sina kitu ya kumpa. Nikaona ni kama nimealikwa chai nimekuja mikono mitupu. Na kwa kichwa yangu mota inalia. Nakuambia ukweli, kwa kichwa yangu niliisikia! Nilikuwa nimezoea kusema chochote hapa na kisivuke mabati. Nikasema, na hiyo sauti ya kiwanda: "Ati Qatar? Qatar gani! Qatar ni hapa tu Murera, anapikia nguruwe uji!"

Nyambura akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Mama Tito hakuwa amewasha mashine yake. Alikuwa anashona vifungo kwa mkono. Nikasikia kiti yake ikisukumwa. Nikasikia akiweka makasi chini polepole, kama mtu anaweka mtoto amelala. Akapita hapo mlangoni na mkoba wake, hakuangalia ndani, akaenda, na rinda ya mtu ikabaki kwa meza na kifungo moja haijamaliziwa.

Ningependa angenitukana. Mimi kutukanwa najua, najibu, tunagombana, watu wanatuachanisha, jioni tunakula pamoja. Kesho yake akakuja kazi kama kawaida. Nikamngojea na chai kwa thamosi na mandazi moto. Akasimama hapo akaniambia, "Habari yako."

Habari! Mimi na yeye tangu lini habari? Tangu Thika hajawahi kuniambia habari. Ananiambiaga "umeamka, wee redio?" Nikamuonyesha kikombe. Akasema, "Asante, nimekunywa." Hiyo nimekunywa yake bado inaniuma hapa chini ya mbavu. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe," vile mtu anasema bei ya kitu, na akaingia kwake akawasha mota.

Na hapa kwetu Gatongora mzima mtu akienda Murera anasema anaenda Qatar. Bado wanasema. Kila mara nikisikia nataka kuingia chini ya hii meza.

Wewe ukarudi wikendi, na unakumbuka nilikupokea aje. Hata viatu hujatoa. "Rudisha mota yangu!"

"Mum, imefanya nini?"

"Imeniharibia rafiki! Rudisha ile yangu, hii kitu yako peleka koleji!"

Ukaniangalia kwanza. Halafu ukasema pole pole, "Mum, mota haijasema kitu."

Nilikuwa nataka kukupiga kofi na uko na degree ya spana, msichana mkubwa. Badala yake nikanuna. Siku zile zote sikukuongelesha. Nyumba ya watu wawili na mmoja amenuna! Ukipika nakula, nikimaliza naosha sahani yangu peke yake, naacha yako. Fikiria mtu mzima. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja duniani wa kuongea na yeye, na huyo ndio nikamfungia mdomo. Hiyo ndiyo kitu ya kijinga zaidi nimewahi kufanya, hata kushinda ile ya Nyambura, kwa sababu ya Nyambura ilinitoroka na hii niliifanya nikiwa nimekaa nikifikiria.

Hukubishana. Ulitoa ile mota ya zamani kutoka kwa stoo ya nyumba ukairudisha hapa, ukaiweka chini ya meza kwa kona. "Ni bolti tatu na belti," ukasema. "Spana nimekuachia kwa droo. Ukitaka kuirudisha, irudishe, ni yako." Na ukaenda.

Sikuirudisha. Nilitaka uirudishe wewe, ndio nishinde.

Wacha nikuambie kimya iko aje, kwa sababu utakuwa unaipelekea watu. Siku za kwanza unasikia vibaya. Nilikuwa nasikia saa ya ukuta, na hata sikujua iko na sauti. Nilikuwa nasikia tumbo yangu. Nikikata uzi nasikia. Makastoma walipungua kukaa, kwa sababu mtu akianza hadithi na hakuna kelele ya kujifichia anajisikia mwenyewe, anaona aibu, anachukua nguo yake anaenda. Nikagundua wengine hao hawakuwa wanakuja kwangu, walikuwa wanakuja kwa hiyo kelele. Nilikuwa nadhani niko na watu wengi sana, Wairimu. Siku mzima kibanda imejaa. Kumbe nilikuwa na mota, na mtu mmoja nyuma ya mabati.

Angalau yake ilikuwa bado inalia. Nilikuwa naisikia kupitia mabati, uuuuuu, najua ako hapo. Nilikuwa nashona nikiisikiliza.

Halafu akakuita wewe umbadilishie yake. Ooi! Wewe ukaenda na mkoba wako wa vyombo, hukuniuliza. Nikakuona ukipita hapo mlangoni kama mtu amehamia chama ingine. Nikasikia mkicheka huko ndani, nikasikia spana, nikasikia akikuambia, "Wairimu, hii kitu ni ndogo hivi na inafanya kazi?" Na ile uuuuuu ya mwisho ya Thika ikazima. Nilikaa hapa nikalia, sasa unajua, na nililia pole pole kwa sababu nimejifunza sauti inavuka mabati.

Nilikukasirikia hiyo siku, sikusema. Nilisema kwa roho, huyu mtoto anaenda Kisumu na kabla aende anazima kila kitu.

Lakini sikiliza. Sasa pande zote mbili hakuna kelele. Nikikanyaga pedali anasikia, akikanyaga nasikia. Nikisimama, naye baada ya kidogo anasimama. Akikohoa najua ni ile ya vumbi ama ni ile ya baridi. Simu yake ikilia najua ni Tito, kwa sababu anasema "umekula?" na anangoja, na anasema "umekula nini?" na anangoja tena. Hizo maneno zote zinanifikia, na mimi nazipokea naziweka. Hakuna mtu nimepea. Wewe ndio wa kwanza, na nakupea kwa sababu unaenda mbali.

Na leo, saa ile umetoka kuchukua gari ya Ngoliba, Nyambura akaja. Amekuja kupimwa upya ati amenona. Akakaa kwa stuli, akaangalia mlango, akateremsha sauti. "Mama Wairimu, na yule Tito? Bado ako... Qatar?" Na akafanya hivi na macho.

Nikasikia upande ule mwingine makasi imesimama.

Wairimu, nilikuwa na kitu. Juzi tu nilikuwa nimesikia kitu kwa simu yake, kitu kikubwa, kizuri, ambacho hata kukiandika hapa sitakiandika, atasema mwenyewe. Ilikuwa hapa kwa ulimi kama peremende. Na unajua venye nimekuwa peke yangu hizi miezi. Nyambura amekaa, ametulia, ana siku mzima, angenipa zake zote. Ningekuwa na mtu tena. Na kesho wewe haupo.

Nikasema, "Nyambura, leta huo mkono nipime."

"Aii, kwani umekuwa pasta?"

"Nyosha mkono. Ukikunja blauzi itakukaba na utakuja kunilaumu."

Akanyosha. Nikapima, nikaandika, akakaa kidogo akiangalia saa ya ukuta, hiyo inapiga kelele, akaona hakuna kitu inakuja, akaenda. Na makasi upande ule ikaanza tena kukata. Krch, krch.

Mimi nikasimama hapa. Nikataka kukata kile kitambaa cha sare, nikatafuta tepu. Haiko kwa meza. Haiko kwa droo, huko nimepata tu spana yako. Nikainama chini ya meza, nikaona ile mota ya zamani kwa kona na vumbi yake, nikasimama. Na si unajua mimi huongea peke yangu, nikasema, na si kwa ile sauti ya kiwanda, nilisema tu kama mtu anapumua, "Sasa tepu yangu imeenda wapi?"

Na nyuma ya mabati mtu akasema:

"Iko kwa shingo."

Hivyo tu. Na akaendelea kukata.

Nikaishika. Ilikuwa kwa shingo. Nikakaa chini na sijaweza kushona tangu hiyo saa, ndio nikachukua hii karatasi.

Labda hiyo ya shingo ilimtoka tu kwa mazoea. Labda kesho atasema habari yako. Sijui, maitu, nakuandikia nikiwa sijui.

Nikuambie na hii ingine, ndio usisikie kwa watu. Nilikuwa nimepanga. Kesho ukishapanda basi nilikuwa nimwite yule fundi wa hapo karibu na kinyozi, anifungie ile mota ya zamani. Tokeni iishe ikitaka. Nilikuwa nataka ile uuuuuu ijaze hii kibanda nisisikie venye haupo. Nilikuwa nimeshamwambia apitie.

Nimemtumia ujumbe asikuje.

Wewe nenda. Huko Kisumu ukiingia mahali na spana yako, ukitoa mota ya mtu ukaweka yako, usifunge mkoba mara moja uende kama ulivyoniacha mimi. Kaa hapo kidogo kwa stuli. Watasema ni nzuri, haili stima, asante sana, na wataangalia huku na huku kama mimi siku ile nilidhani waya imekatwa. Muulize huyo mtu alikuwa anaongea na nani hapo. Labda atakuambia. Mpe hizo dakika, kampuni haitafilisika.

Na ile pole ya kununa siiandiki hapa, kwa sababu hiyo nataka kukuambia na mdomo leo jioni nikikuoshea sahani. Ukiona nimeosha sahani yako, jua ndiyo hiyo.

Jua limeanza kuteremka, na naona kivuli ya Mama Tito kwa mlango akifagia. Bado hajafunga. Kesho nitakusindikiza mpaka basi iondoke na nitapunga mkono mpaka watu wanicheke. Halafu nitarudi hapa, nifungue, niwashe swichi, nikae kwa hiyo kimya yako. Tepu nitaivaa kwa shingo nikiwa nyumbani, niione kwa kioo, nijue kabisa iko hapo.

Na nitauliza iko wapi.

Mamako, wa upande huu wa mabati